Shibiri ama Mkono? Chagua Spidi Kwanza, Ndo Umuulize Kedi Laini

Nianze na neno litakalowakera wazito wa gofu wa pwani hii: pati ikikosa shimo, mwacheni kedi. Mara nyingi kedi alisoma sawa. Shida ni kwamba mchezaji hakuamua mpira uende kwa spidi gani, na spidi isipoamuliwa, hakuna laini ya kusoma.

Najua wengi mnaonisoma hamjawahi kushika fimbo ya gofu. Mtasema, Kisauni na gofu wapi na wapi? Skizeni. Uwanja wa Nyali uko upande wetu huu wa daraja tangu 1956, mashimo 18, na soko la Kongowea liko hapo jirani. Mombasa Golf Club iko kisiwani tangu 1911, mashimo 9, kando ya bahari upande wa Mama Ngina, ng'ambo tu ya Likoni. Ukienda Kilifi kuna Vipingo Ridge, ambako mashindano ya kimataifa ya kina dada, Magical Kenya Ladies Open, yalianza 2019. Aliyeshinda mwaka huo ni Mjerumani Esther Henseleit, akarudi akashinda tena 2022, halafu 2024 akatoka na fedha kwenye Olimpiki ya Paris. Hayo yote yako nyumbani kwetu.

Na yale mabegi yanayozunguka kwenye hizo nyasi hayaendi yenyewe. Yanabebwa na kijana wa mtaani, ama baba yake rafiki yako. Kwa hivo hii si stori ya matajiri peke yao. Ni stori ya kazi, na ya nani anabebeshwa lawama mambo yakiharibika.

Kwa wale wageni, maneno manne tu. Grini ni pale nyasi zimekatwa fupi kama zulia, na shimo liko hapo. Pati ni mpigo wa pale kwenye grini: mpira haurushwi, unabiringishwa. Laini ni njia ambayo mpira utapita mpaka shimoni. Na kedi ndo yule mbeba begi, lakini kazi yake si kubeba tu. Anapima umbali, anakusaidia kuchagua fimbo, na mkifika kwenye grini anachuchumaa anakusomea laini. Kanuni za gofu zenyewe zasema ukiwa unacheza, ukiacha mwenzako wa timu kama mnacheza kwa timu, mtu wa pekee unayeruhusiwa kumuomba ushauri ni kedi. Yaani kwenye uwanja mzima, huyo ndo mtu wako. Halafu huyo huyo ndo wa kwanza kutukanwa.

Nimebeba begi likizo kadhaa. Klabu siitaji. Siku moja shimo la mwisho, mzee mmoja alikuwa na pati ya kama mita 3, inateremka na inapinda kwenda kulia. Akamuuliza kedi wake, mtu mzima aliyekuwa na miaka mingi kwenye kazi ile, "Nilenge wapi?" Kedi akachuchumaa, akatazama, akazunguka upande wa pili, akasema, "Kikombe kimoja kushoto, mzee, na uiache ife." Maana yake lenga upana wa shimo moja upande wa kushoto, na mpira ufike pale umechoka.

Mzee akasikia nusu ya kwanza tu. Akaipiga kama anafukuza paka jikoni. Mpira ukaenda moja kwa moja pale kushoto, haukupinda hata kidogo, ukapita shimo kama mita 2. Mzee akageuka: "Wewe hujui kusoma!" Mbele ya watu. Bakshishi ya siku hiyo ikaishia hapo. Yule kedi hakujibu. Akasema "Pole mzee," akachukua bendera.

Mi nasema laini ile ilikuwa sawa kabisa. Ilikuwa ni laini ya mpira unaokufa shimoni. Mzee akapiga mpira mwingine.

Sasa kwa nini spidi ndo inaamua laini? Fikiria feri ya Likoni. Mkondo wa maji unapita kwenye kivuko, unaisukuma feri pembeni. Nahodha akija kwa nguvu, mkondo haupati muda wa kumpeleka mbali, kwa hivo pua anaielekeza karibu na gati. Akija polepole, mkondo unamla, lazima aelekeze pua juu zaidi ndo mkondo umrudishe kwenye gati. Kivuko ni kile kile na gati ni lile lile, lakini njia ni mbili tofauti kwa sababu ya mwendo peke yake. Mteremko wa grini ni huo mkondo. Mpira wa polepole unakaa muda mrefu juu ya mteremko, unavutwa zaidi. Mpira wa kasi unapita kabla haujavutwa. Sasa wewe unamuuliza kedi "nilenge wapi" bila kumwambia unakuja na mwendo gani. Ni kama kumuuliza mtu wa gatini aelekeze pua ya feri na hajui injini iko wapi.

Kuna wale watakaosema basi dawa ni rahisi, piga kwa nguvu kila wakati, mpira usipinde, laini iwe nyoofu. Huu ndo ule msemo wa wachezaji gofu dunia nzima kwamba mpira usiofika hauingii. Ni kweli haujawahi kuingia mpira ambao haukufika. Lakini hata uliopita haujaingia, na msemo huo hauhesabu lile shimo lenyewe linafanya nini mpira ukija kwa kasi.

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, dunia nzima. Mpira una kipenyo cha milimita 42.67, haukubaliwi kuwa mdogo kuliko hapo. Mpira ukija taratibu, upana wote wa shimo ni wako. Hata ukigusa pembeni, unaanguka. Lakini mpira ukija na kasi, lazima uanguke ndani wakati unavuka pengo, na ukipita pembeni pengo ni fupi, hauna muda wa kuanguka, unazunguka mdomo na kutoka. Kwa hivo kadiri spidi inavoongezeka, shimo linazidi kuwa dogo, ingawa macho yako yanaliona lile lile.

Kuna mwanafizikia Mmarekani, Brian Holmes, alilifanyia hesabu jambo hili, akalichapisha 1991. Aliona mpira ukifika shimoni na spidi ya zaidi ya kama mita 1.6 kwa sekunde, hauingii hata ukipita katikati kabisa. Mita 1.6 kwa sekunde ni mwendo gani? Ni mtu anayetembea haraka kidogo kuwahi feri kabla mlango haujafungwa. Hiyo tu. Ukizidi hapo, shimo halipo.

Tuiweke kwa lugha ya uwanjani. Kwenye grini ya spidi ya kawaida, iliyo tambarare, mpira wenye spidi hiyo ungeendelea zaidi ya mita 2 nyuma ya shimo kama shimo lisingekuwepo. Ukipunguza mpaka ule ambao ungepita kama mita 1.2, hapo umepata takriban nusu ya shimo. Ukipunguza mpaka upite kama sentimita 43, umepata karibu robo tatu. Yule mzee wa mita 2 alikuwa analenga shimo ambalo limeshapungua upana. Hata kedi angekuwa malaika, laini aliyosoma haikuwa ya mpira huo.

Halafu kuna kinachofuata. Mapro wa Marekani, wale wa kwenye runinga, wakiwa na pati ya kama mita 2.4 wanaingiza karibu nusu tu. Nusu, na hao ndo kazi yao. Kwa hivo ukipitisha mpira mita 2, wewe na mimi tumebaki na pati ambayo hata watu wa dunia wanarusha shilingi. Ndo hapo pati mbili zinakuwa tatu, na kedi anatazama chini.

Sasa tusiende upande wa pili pia. Kuna wanaosema mpira ufe tu mdomoni mwa shimo, kila wakati. Ni shule ya wakubwa. Bobby Jones alikuwa wa hivo, na Ben Crenshaw, aliyeshinda Masters 1984 na 1995, hivo hivo. Upande wa pili alikuwa Arnold Palmer, yeye alikuwa anagonga. Wote walishinda, kwa hivo usiambiwe kuna dini moja hapa.

Tatizo la mpira wa kufa ni kwamba ukikosea kidogo tu kwa chini, umebaki nje. Tena pale karibu na shimo pamekanyagwa na kila mtu aliyepita tangu asubuhi. Mmarekani Dave Pelz, aliyekuwa mtafiti wa NASA kabla hajawa mwalimu wa gofu, aliliona hili: watu wanasimama kuzunguka shimo kutoa mpira wao, lakini hakuna anayekanyaga mdomo wenyewe, kwa hivo panabaki duara lililobonyezwa kama hamri limekaliwa, na mdomo umeinuka katikati. Mpira uliochoka ukifika kwenye duara hilo unayumbishwa na nyayo za watu. Pelz akapima, akasema mpira bora ni ule ambao ungepita shimo kwa inchi 17, yaani kama sentimita 43. Una nguvu ya kuvuka nyayo, na bado shimo ni pana.

Sentimita 43! Nilipoona namba hiyo nilicheka, sababu mababu zetu walikuwa nayo mwilini. Toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, huo ni mkono, kipimo cha watu wa pwani cha kupimia nguo kabla ya futi na mita. Jipime sasa hivi, uone. Na kipimo chake kidogo ni shibiri: kunjua kiganja, toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Hiyo ni kama nusu ya mkono. Hatuhitaji inchi za mtu. Kiwiko na kiganja vyatosha.

Basi pendekezo langu ndo hili. Kila pati, kabla ya kuuliza laini, mchezaji aseme kwa sauti: shibiri ama mkono. Yaani mpira wangu ukikosa, nataka ukae umbali gani nyuma ya shimo. Neno moja. Halafu kedi asome laini ya neno hilo.

Lini shibiri? Pati ya kuteremka. Pati inayopinda sana. Grini iliyokauka ikawa kama kioo. Hapo ukisema mkono, unacheza na moto, sababu kosa dogo la nguvu mpira unashuka mpaka kwa jirani. Ukisema shibiri, mpira utapinda zaidi, kwa hivo kedi atakwambia ulenge juu zaidi, na usimshangae.

Lini mkono? Pati fupi iliyonyooka, pati ya kupanda, ama nyasi zimelowa zimekuwa nzito. Hapo mpira uliochoka utasimama kabla, ama utayumba kwenye nyayo. Na ujue hili: mkono wa kupanda si sawa na mkono wa kushuka. Kwenye kupanda, mlima wenyewe unausimamisha mpira, kwa hivo ule utakaosimama mkono mmoja nyuma ya shimo ulipita pale mdomoni na nguvu zaidi. Lakini ukuta wa nyuma wa shimo uko juu kidogo upande wa mlima, unausaidia kuugonga uanguke. Kwenye kushuka hakuna msaada huo.

Na pati ndefu, mita 10 kwenda mbele? Hapo sahau shibiri na mkono. Lenga kufika jirani tu. Laini ikikosea, mara nyingi utakuwa umekosea nusu mita. Spidi ikikosea, unakosea mita 2 ama 3 bila kujua. Nenda kaangalie kwa macho yako watu wanaopiga pati tatu: walikuwa wafupi sana ama walipita sana. Ni nadra kuona mtu aliyefika umbali sawa akawa kulia mita 2.

Kuna kitu kingine kinachofanya hili liwe kubwa zaidi huku kwetu kuliko Nairobi. Nyasi za joto kama Bermuda, zile zinazostahimili jua na chumvi ya pwani, hazisimami wima kama nywele zilizochanwa juu. Zinalala upande mmoja. Ukiziangalia zikawa zinameta, zimelala kwenda mbele yako, mpira utakimbia. Ukiziona kijani nzito, zimekuelekea wewe, mpira utakwama. Pati mbili za umbali mmoja kwenye grini moja, moja inataka nguvu tofauti na nyingine. Ongeza umande wa saa moja asubuhi unaofanya grini iwe nzito, halafu jua la saa nane mchana linalokausha kila kitu, halafu upepo wa kusi ukivuma toka baharini. Grini uliyocheza Jumamosi asubuhi si grini ya Jumamosi mchana.

Nani anayajua haya? Kedi. Ameiona grini hiyo jana, juzi, kwenye kusi na kwenye kaskazi. Akikwambia "leo inakimbia, mzee," hiyo ni pesa anakupa. Lakini hata yeye hawezi kuingia ndani ya mikono yako. Anaweza kukwambia mlima uko wapi, nyasi zimelala wapi, grini ina kasi gani. Nguvu utakayotia ni yako peke yako. Ndo maana nasema laini unaweza kuambiwa, lakini spidi lazima uamue mwenyewe.

Hata wenyewe wakubwa walichukua muda kukubali kwamba spidi ni kitu cha kupimwa. Mwaka 1935, kwenye U.S. Open pale Oakmont, Edward Stimpson alimwona Gene Sarazen, bingwa wa wakati huo, akipiga pati ikatoka kwenye grini kabisa ikaishia kwenye mchanga. Watu wakasema Sarazen amekosea. Stimpson akajiuliza, je kama grini ndo ina kasi kupita kiasi? Akaunda kijiti chenye mfereji, unaweka mpira juu, unainua mpaka uteremke wenyewe, halafu unapima umefika futi ngapi. Ndo hicho viwanja vinatumia mpaka leo kupima kasi ya grini. Ona tofauti ya akili: wengine walitafuta wa kumlaumu, yeye akatafuta kipimo.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: "Kedi mzuri anajua spidi ya mchezaji wake bila kuambiwa." Kweli. Kedi wa pro anayesafiri na mtu mmoja msimu mzima anaijua, anasoma laini ya mkono wa mtu huyo. Lakini kedi wa klabu anapangiwa mtu asubuhi hiyo hiyo. Leo daktari, kesho wakili, kesho kutwa mgeni wa hoteli. Ataijua mikono yao vipi kwenye shimo la kwanza? Msaidie, mwambie. Na hata yule anayekujua, ukibadilisha mawazo katikati ya mpigo, hakuna ujuzi utakaomuokoa.

La pili: "Mi ndo nalipa, kedi ndo kazi yake." Sawa, unalipa. Lakini kanuni za mchezo wako mwenyewe zinasema kedi akivunja kanuni, adhabu inakwenda kwako. Gofu ilishaamua kitambo kwamba wewe na kedi ni kitu kimoja na mwenye jukumu ni wewe. Huwezi kuchukua sifa pati ikiingia halafu ukampa yeye lawama ikikosa.

La tatu, hili natoka nalo kwa vijana wenzangu: "Tangu 2019 waruhusiwa kuacha bendera shimoni ukipiga pati, si itazuia mpira wa kasi?" Inaweza, ukiigonga katikati. Lakini ukitegemea chuma kikuokoe, umeshakubali kwamba spidi imekushinda. Na ukipita pembeni haikusaidii kitu.

Haya, na we usiye na klabu? Spidi ndo sehemu ya gofu inayoweza kufundishika mtaani bila kulipia kiingilio. Kama ulicheza gololi za mashimo ulishaanza. Kumbuka ile ya kuingiza kwenye shimo la mchanga: aliyekuwa anafyatua kwa nguvu gololi yake ilikuwa inaruka shimo inaenda mtaroni, na aliyekuwa muoga ilikuwa inalala njiani inapigwa na mwingine. Hata keram ni hivo hivo. Anayegonga kila kete kwa nguvu anasikika mtaa mzima, lakini mfukoni ziko ngapi?

Fanya hivi. Ngoja maji yatoke, nenda ufuoni, Shelly ama Nyali, pale mchanga umelowa ukawa mgumu. Chimba shimo la upana wa kama sentimita 11. Nyuma yake chora mistari miwili, mmoja wa shibiri, mmoja wa mkono. Halafu ziba shimo, biringisha mpira kwa mkono tu, toka hatua tatu, ujaribu kusimamisha kwenye mstari uliotaja kabla. Sema "shibiri," halafu biringisha. Sema "mkono," halafu biringisha. Ukipata kumi mfululizo, fungua shimo, uone zinavoingia. Bila fimbo, bila uwanja. Na usicheke: Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open 1978, alijifunza akiwa mtoto wa kijiji, kedi, anapiga mpira ufuoni na fimbo moja tu.

Hapo ndo nataka mwone uzito wa jambo lenyewe. Mapro wengi wa nchi hii walianzia kubeba begi. Kijana anayesoma grini kila siku kwa ajili ya wengine anajifunza mchezo kwa undani kuliko wengi waliolipa. Lakini kila siku akiambiwa hujui kusoma, na yeye macho yake yamemwonyesha alisoma sawa, moja ya mambo mawili litatokea. Ataanza kuamini kwamba hajui, ama ataanza kusema tu kile mzee anataka kusikia. Akifika hapo, umepoteza kedi, na yeye amepoteza jicho lake. Lile jicho ndo lingemtoa kwenye kubeba likampeleka kwenye kucheza.

Kwa hivo wazee, Jumamosi hii kabla hujauliza "nilenge wapi," sema spidi yako. Shibiri ama mkono. Ukisema shibiri na ukapitisha mita 2, geuka umwambie "nimepiga sana," mbele ya hao hao watu. Haigharimu kitu.

Na nyinyi mnaobeba, mkiulizwa laini na hamjaambiwa spidi, msikimbilie kujibu. Uliza kwanza, kwa heshima, sauti ya chini: "Ya kufa ama ya kupita, mzee?" Hawezi kukasirikia swali hilo. Na akishalijibu, laini iliyobaki ni yako ya kusoma, na mpigo ni wake.